Mguu Uliotangulia Kugusa Chini

Murunga Wasike alikuwa mtu wa miraba minne, mrefu hata akalazimika kuinama kila alipoingia nyumbani kwake. Alitoka Kimilili mwaka 1949, akaja kupakia mahindi katika godauni moja karibu na stesheni ya Eldoret, mji ambao wapagazi wenzake waliuita Sisibo. Gunia la ratili mia mbili alilibeba peke yake, akapanda nalo ubao hadi ndani ya behewa bila kutua. Kwa hiyo Mwalimu Wilson wa shule ya kanisa alipoanzisha timu ya mpira wa kikapu mwaka 1953, hakumuuliza Murunga kama anaujua mchezo. Alimpima kwa macho tu, akamwambia, "Wewe njoo Jumamosi."

Uwanja ulikuwa wa udongo ulioshindiliwa, na vikapu vilikuwa pete za mapipa zilizopigiliwa kwenye nguzo za mkalitusi. Kudaka Murunga alijua, kurusha alijua. Kilichomshinda ni sheria moja, ile ya kutembea na mpira. Kila alipoushika akaelekea kikapuni, firimbi ililia.

"Lakini Mwalimu, nimehesabu hatua. Ni mbili tu."

"Acha kuhesabu. Ulipodaka, mguu gani ulikuwa chini?"

"Yote ni miguu yangu."

Wenzake waliangua kicheko, na aliyecheka zaidi ni Khisa, rafiki yake wa tangu utotoni, mpagazi mwenzake aliyekuja naye kutoka nyumbani. Wilson hakucheka. Alisimama mbele yake na mpira mkononi.

"Ukidaka umesimama, mguu mmoja unakuwa kigingi. Ule mwingine uzungushe utakavyo, hata mara kumi. Kigingi kisiondoke mpaka uwe umeanza kuudunda mpira. Ukitaka kurusha unaweza kukiinua, lakini mpira uwe umekutoka mkononi kabla hakijarudi chini. Na ukidaka ukiwa mbioni, angalia ule mguu uliotangulia kugusa chini. Huo ndio kigingi chako."

Murunga aliitikia kwa kichwa, ila moyoni aliona ni upuuzi mtupu. Maisha yake yote alikuwa amesifiwa kwa kushika mzigo na kwenda nao.

Mwezi wa Agosti walicheza na timu ya polisi. Dakika ya mwisho walikuwa nyuma kwa pointi moja. Murunga alidaka mpira hatua chache kutoka kikapuni, hana mtu karibu. Badala ya kurusha pale pale, alisogea hatua, akasogea nyingine ili aikaribie zaidi ile pete ya chuma, na refa akapiga firimbi. Mchezo ukaisha hivyo. Tangu siku hiyo, kule kwenye laini, nyumba ambazo godauni liliwapa wafanyakazi, jina lake likawa Mtembezi. Binti yake Rosebella, wa miaka mitano, alimuuliza maana yake. Murunga akamwambia aende akacheze. Mazoezini hakurudi.

Mavuno yalipofika, godauni lilijaa mpaka kwenye mabati. Rundo moja la magunia lilianza kuegama, na wapagazi wakamwonyesha nyapara. Nyapara akasema behewa linasubiri, wachukue kutoka pale pale. Murunga na Khisa walikuwa wameshika gunia moja, kila mtu upande wake, rundo lilipoporomoka. Khisa alitolewa chini yake akiwa amekwisha kufa. Murunga alinusurika, lakini mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Alilala hospitalini miezi miwili. Alipotoka, goti halikukunjika tena. Bwana mwenye godauni hakumwita. Alimtuma nyapara.

"Nyumba inatakiwa, Murunga. Yuko mtu mwingine kwa kazi yako. Mwisho wa Februari uwe umehama."

"Na Khisa? Watu wake wameambiwa nini?"

"Wameambiwa ni ajali."

Mkewe Nekoye akatangulia Kimilili na mtoto. Murunga alibaki akitafuta kazi ya ulinzi, akakataliwa kila mlango. Jumamosi moja, kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya mno, alijikokota kwa fimbo hadi uwanjani. Mpira ulimjia, akaiachia fimbo, akaudaka. Kijana mmoja mpya, Kibet, akamrukia ampokonye. Murunga hakuweza kuuinua mguu mbovu, basi akauacha palepale na kuzunguka kwa ule mzima. Kibet akaja kulia, akamkuta amegeuka. Akaja kushoto, vilevile. Maumivu yalimpanda hadi kiunoni, lakini hakuuachia mpira.

"Hiyo ndiyo," Wilson alisema taratibu. "Hiyo ndiyo niliyokuwa nakuambia."

"Naona sasa. Si hesabu ya hatua."

Murunga alimweleza Kibet jioni ile ile, akimgusa mguu kwa fimbo yake: huu ndio uliotangulia, basi usihame. Kibet alielewa kabla jua halijatua. Walipocheza tena na polisi mwezi uliofuata, yeye ndiye aliyefunga mara nyingi kuliko wote, na watu walimbeba juu. Murunga alitazama akiwa ameegemea nguzo. Alifurahi kidogo. Kisha akamkumbuka Khisa, ambaye angecheka sana kumwona akifundisha sheria, na furaha ikamtoka.

Wiki iliyofuata alipanda lori la kwenda Kimilili. Nekoye alimpokea mlangoni, akamtazama mguu, halafu uso.

"Baba Rosebella, umepata kazi?"

"Hapana."

"Basi keti. Chakula kiko tayari."