Niliomba ramani ya maficho yetu

Leo nimewasaliti majirani zangu kwa adabu kabisa.

Risasi zikianza hapa Buyenzi, tunajificha katika kituo cha pampu za maji kilichoachwa chini ya ardhi. Nilienda ofisi ya serikali kuomba ramani yake, nijue kama kina mlango wa pili.

Karani akafungua daftari.

"Munaingiaka watu wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Munapitia wapi?"

Nikamchorea. Mimi, niliyesoma.

Akaandika yote, akafunga.

"Ramani ni siri, dada. Raia hapewi."

Namchukia hadi mwandiko wake mzuri.

Mama ameniuliza kuhusu mlango wa pili. Nimemwambia hatuingii humo tena.

Wale kumi na saba wengine, ninyi mngewaambiaje?