Siku Tuliyoandamana kwa Ajili ya Shamba la Jirani

Jirani yangu alifiwa na mumewe wakati wa ukame, akabaki na mabinti watatu. Kaburi halijakauka vizuri, shemeji yake akaja na watu wa kupima, wakapigilia vigingi katikati ya mbaazi zake. Tulipomwendea naibu chifu, alisema mbele yetu sote, "Mwanamke asiye na mtoto wa kiume ana shamba gani? Hao wasichana si wataolewa?"

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, hapa Kalamba. Nilikuwa katika mwethya, kikundi chetu cha wanawake cha kulimiana mashamba kwa zamu. Matuta ya shamba lile tuliyachimba sisi pamoja naye, huku mumewe akifanya kazi kwenye reli Makindu. Kwa hiyo maneno ya naibu chifu yalituchoma sote. Hata mimi nilikuwa na mabinti tu.

Baada ya ibada ya Jumapili tulibaki kanisani wanawake peke yetu. Kiongozi wa kikundi, mama mtu mzima tuliyemwita mwaitu, yaani mama yetu, akauliza tufanyeje. Mmoja akasema tuombe.

"Tumeomba," mwaitu akajibu. "Sasa tutembee. Twende kwa D.O., mkubwa wa machifu, mchana, kila mtu atuone. Asibebe mtu jembe wala fimbo."

Mume wangu aliposikia aliacha kula. "Wakikufungia huko, usitarajie nije kukutoa."

"Sitatarajia," nikamwambia. "Unga uko ndani ya debe. Watoto wanapenda uji mzito."

Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo.

Kesho yake tulijifunga leso viunoni tukaondoka, jirani yangu mbele na binti zake. Tulipita sokoni tukiimba nyimbo za kanisani. Wanaume waliokuwa hotelini wakinywa chai walitucheka. Mama mmoja Mwislamu, mwenyeji wa pwani aliyeuza nguo pale, alifunga duka lake, akajitanda buibui, akaingia katikati yetu. "Nyimbo zenu sizijui," akasema, "lakini kutembea najua." Akatembea nasi mpaka mwisho.

Karibu na ofisi ya D.O. askari wa utawala walitufungia njia.

"Mna kibali?" mkubwa wao akauliza.

"Hatuna," mwaitu akasema.

"Basi huu ni mkutano haramu. Rudini nyumbani!"

Mwaitu alitutazama, kisha akakaa chini vumbini. Sote tukakaa. Askari mmoja akamshika jirani yangu mkono, akamburuta mpaka leso ikachanika. Hakuna aliyemrushia jiwe, wala kumtukana. Tulijisogeza tu, tukiwa tumekaa vilevile, tukamzunguka mwenzetu. Nilimkumbatia kitinda mimba wake, nikasikia mbavu zake zikipanda na kushuka kama za kifaranga. Niliogopa sana, lakini nilikuwa nimeshaamua: kama ni kubebwa, watanibeba.

Jua lilipokuwa kali kabisa, D.O. alitoka. "Msemaji ni nani?"

Tulidhani mwaitu ataongea. Aliyesimama ni jirani yangu, ameshika leso yake iliyochanika.

"Ni mimi. Tangu mume wangu afe, watu wameongea juu ya shamba langu, na hakuna aliyeniuliza neno. Nimekuja niulizwe."

D.O. akaagiza vigingi ving'olewe, na kesi isikizwe mbele ya wazee, mjane akiwepo. Tuliving'oa wenyewe jioni ileile, shemeji akitutazama kutoka kwake.

Kesi ilienda polepole, na kila ilipotajwa tulimsindikiza kwa miguu. Mwishowe alipewa nyumba na sehemu yote yenye matuta. Sehemu ya chini, karibu na mto, ikaenda kwa shemeji. Haikuwa haki kamili, na tulimwambia D.O. hivyo usoni. Lakini mabinti wale walikulia pale, na mkubwa wao analima pale hadi leo.

Mume wangu hakuniambia kamwe kwamba nilifanya vizuri. Ila mwaka uliofuata mjane mwingine alifukuzwa kwake, na kikundi kikakubaliana kuandamana tena. Nilikuwa nikifunga viatu mume wangu aliponiuliza, "Mtarudi lini?"

"Tukisikizwa," nikasema, nikatoka.