Biskuti za Mama Tusekile

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka najikasirikia upya, ingawa sasa ni mzee na meno yangu mengi yameshaniaga.

Nilikuwa mke mgeni pale Ipyana, mwaka wa pili tangu niolewe. Bwana shamba mpya, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alituma ujumbe kwamba angekuja na mke wake kuiona miche ya kakao ya mume wangu. Nikahaha. Ndizi za kuchemsha wangezikuta kila nyumba. Mimi nilitaka niwape kitu ambacho wangekisimulia.

Jirani yetu, Mama Tusekile, mjane aliyelima mpunga peke yake, alinikuta nimeshika kiuno jikoni. "Usihangaike, mwanangu," akasema. "Biskuti ni kazi ya muda wa kuchemsha chai." Akaenda kwake, akarudi na sufuria yake nzito na mayai mawili ya kuku wake.

Akanielekeza kila kitu. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha unga wa mchele ili biskuti ivunjike vizuri mdomoni. Sukari nusu kikombe, chumvi ya kuchota kwa vidole, kisha siagi, ukifikicha mpaka unga ukiuminya kiganjani ushikamane. Mayai mwisho. Usukume kwa chupa, ukate kwa mdomo wa glasi. Ndani ya sufuria akamwaga mchanga mkavu, juu yake sahani ya bati yenye biskuti, akafunika. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. "Moto wa chini ni wa kubembeleza tu," akasema. Mkononi alikuwa na kovu refu. Ujuzi huo hakuna aliyempa; aliupata kwa kuunguza unga wake mwenyewe, mara nyingi, wakati watoto wake wakiwa wadogo na hana cha kuwapa.

Wageni wakaja. Mke wa bwana shamba akauma biskuti moja, akafumba macho. "Nani amekufundisha?" akauliza.

Mama Tusekile alikuwa anaingia na sahani ya pili, jasho linamtiririka. Nami, mwanangu, nikamtazama yule mama wa mjini na viatu vyake vizuri, nikajibu, "Nimejifunza mwenyewe. Huyu ananisaidia kuni tu."

Kuni tu! Mdomo huu huu ninaozungumza nao leo.

Mama Tusekile aliweka sahani mezani taratibu, akatoka. Njia ya mwongo ni fupi. Mgeni akauliza, "Na mnafanyaje zisiungue chini?" Kazi ya ule mchanga nilikuwa sijaielewa hata kidogo. Nikageuka kumtafuta mwenyewe, kumbe ameshaondoka, na sufuria yake ameiacha jikoni kwangu ikiwa bado ya moto.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye kona. Alisubiri wageni waondoke ndipo akasimama mbele yangu.

"Atupele, tangu lini kuni zikapima sukari?"

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. "Usinililie mimi, mimi hujanitukana. Na usiende kwake kwa kificho, usiku, kama mwizi anayerudisha kuku. Ulimvua nguo mbele za watu. Nenda ukamvike mbele za watu."

Nilikaa Jumapili tatu bila ujasiri. Mama Tusekile akawa anaitikia salamu yangu bila kusimama. Jumapili ya nne nilioka biskuti, nyingine zikaungua, nikazipeleka hivyo hivyo kwa akina mama baada ya ibada. Mama Tusekile na mke wa bwana shamba walikuwepo. Nikasimama, nikasema, "Hizi ni biskuti za Mama Tusekile. Yeye ndiye aliyenifundisha, kuanzia unga mpaka moto. Siku ile nilidanganya, mbele yake na mbele yako, mama."

Mama Tusekile akachukua biskuti moja, ya kuungua, akaitafuna mpaka ikaisha. "Ndaga," akasema, kushukuru kwa Kinyakyusa chetu. Kisha akaniambia, "Makaa ya chini uliyazidisha." Wiki hiyo hiyo mke wa bwana shamba alikwenda nyumbani kwa Mama Tusekile na daftari, na kabla ya mavuno wanawake saba walikuwa wanajifunza kwenye jiko lake.

Sasa juzi nimeonyeshwa video kwenye simu. Binti mmoja wa Busale anapika biskuti za unga wa mchele, anatabasamu, anasema, "Nimebuni mwenyewe, ni haraka na rahisi." Amebuni nini? Shangazi yake aliyemfundisha anaishi nyumba ya pili kutoka kwake, hakutajwa hata jina! Damu ilinichemka, mwanangu, mpaka wajukuu wakaniletea maji. Asante ya punda ni mateke, lakini punda ana udhuru: hakufundishwa kusema.

Kwako ni rahisi kwa sababu kuna mtu aliunguza kabla yako. Basi ukisifiwa, mtaje aliyekufundisha, na umtaje wakati anasikia, usingoje msibani. Kama ulimnyima jina lake hadharani, usimrudishie uvunguni. Na usitukane wakunga na uzazi ungalipo, maana umejua biskuti tu, mikate na keki bado hujajifunza.

Nenda, mwanangu. Kyala, Mungu wa mama zetu, akupe walimu wenye subira, aufanye ulimi wako usione haya kushukuru, na siku nawe utakapofundisha, akupe mwanafunzi atakayekutaja.