Bunduki Zililala Mzungu wa Nne

Siku ile tulikuwa tunasugua masufuria. Harusi ya jirani ilikuwa imekwisha na vyombo vya kikundi chetu cha wanawake vimerudi kwangu na masizi yake, kama kawaida. Pale Gwata mimi ndiye niliyekuwa natunza vyombo: masufuria ya pilau, sahani, majagi. Tulivihifadhi kwenye makasha ya kijani ya jeshi, yaliyouzwa matupu mnadani. Mbao nene, vishikio vya kamba, hata mchwa wanayashindwa.

Mama Kulwa alikuwa ameinamia sufuria kubwa, mwanangu Zuhura amelala mgongoni kwake. Kwao ni wafugaji waliotoka kaskazini, boma lao lilikuwa ng'ambo ya mashamba yetu. Kikundini aliingia kwa kutuletea maziwa, akabaki kwa sababu ya mdomo wake.

"Nyie watu wa Pwani nyama mnaionyesha tu kwenye pilau, halafu mnasema mmefanya shughuli."

"Si ulete ng'ombe, mchoyo wewe?"

"Nilete ng'ombe wangu mkamzamishe kwenye tui la nazi? Thubutu!"

Tukiwa bado tunacheka, akaingia Hamza, mdogo wa mume wangu, na toyo, pikipiki ya miguu mitatu, imebeba makasha. Rangi ileile, kamba zilezile.

"Shemeji, nihifadhie. Ni vyombo vya kikundi cha Kibuta, stoo yao inavuja."

"Mbona mazito hivi?"

"Masufuria ya chuma hayo. Ungekuwa unakula vizuri usingeuliza."

Mume wangu ni dereva wa malori, nyumbani anaonekana kwa msimu kama embe. Sikuwa na wa kumuuliza. Na kwetu kasha la vyombo halifunguliwi ovyo, linafunguliwa kwa harusi au msiba. Hamza alilijua hilo vizuri. Mama yake, Bi Mwanaidi, ndiye aliyeanzisha kikundi.

Kisha mambo yakaharibika. Ng'ombe wakaingia kwenye mahindi. Ng'ombe wakakatwa mapanga. Vijana wakavamiana malamboni, watu wakaanza kulala na viatu miguuni. Halafu mzee mmoja wa upande wetu akakutwa amekufa shambani kwake.

Msiba ukahitaji vyombo. Wanawake wakaja kwangu, na Mama Kulwa akaja pia. Walimwambia asije. Akaja na ndoo ya maziwa kichwani.

Mimi na yeye tukabandua kifuniko cha kwanza.

Ilikuja harufu ya grisi. Karatasi ya kahawia, ya nta, imekunjwa vizuri kama ya duka la nguo. Nikaichana. Chini yake kulikuwa na mbao zilizokatwa mapengo, na kila pengo limeshika bunduki yake. Zimelazwa mzungu wa nne, kitako cha hii kwenye mdomo wa ile, kama watoto wa nyumba yenye kitanda kimoja. Grisi imepakwa mpaka ndani ya mtutu. Aliyezipanga hakuwa na haraka, alitaka zikae miaka na miaka bila kutu.

Baadaye niliambiwa zilikuwa masalia ya vita vya watu wengine. Vita viliisha, silaha zikabaki, zikaanza kuuzwa kama mitumba.

Mama Kulwa alitazama, akanishika mkono.

"Hizi zinakuja bomani kwetu," alisema.

Tukarudisha kifuniko. Nikawaambia wenzangu wakae juu ya makasha, na wakakaa, na khanga zao za msiba.

Hamza akaja na wenzake.

"Shemeji, inuka."

"Siinuki."

"Usiniaibishe mbele za watu."

"Aibu umeileta mwenyewe, na toyo, mchana kweupe."

Bi Mwanaidi akamwambia, "Hamza, baba, nenda nyumbani." Hakumtazama mama yake.

Hawakutugusa. Walikwenda kwenye kasha lililokuwa mlangoni, ambalo hakuna aliyelikalia, wakalivuta kwa kamba.

Tulidhani lile ni la sahani.

Yalifanana yote. Sahani tulikuwa tumezikalia sisi.

Mama Kulwa alikimbia.

Alipita njia ya mkato, katikati ya mihogo. Niliona khanga yake ikipanda kilima, kisha sikuiona.

Milio ikaanza.

Alifika. Watoto wa boma walikuwa tayari kichakani kwa sababu alifika. Yeye hakuwahi kuingia kichakani.

Polisi walichukua makasha yaliyobaki. Waliokufa walikuwa wa pande zote mbili, na kila upande ukazika wa kwake. Sisi wanawake wa kikundi tulikatazwa kwenda kumzika mwenzetu, eti tutachokoza. Hilo sijalisamehe, na sitafuti namna ya kulisamehe.

Sasa naishi Kisarawe na Zuhura. Kesi ya Hamza inasikilizwa Kibaha, na mimi ni shahidi. Juzi Bi Mwanaidi alipanda mabasi mawili kunifuata. Nilimpa shikamoo, nikampa chai. Hakuinywa.

"Mwanangu, sema ulikuta sahani. Yaishe. Damu ya mumeo ile."

"Na ya Mama Kulwa ilikuwa maji?"

"Mtaishije na ukoo?"

Nilimwonea huruma, mama wa watu. Nampenda, alinikanda nilipojifungua. Lakini mtoto wangu alilala kwenye mgongo ule. Wanaosema nina kiherehere, waseme. Kikundi kikitaka kunifuta, kinifute. Boma zima lilihama, na hakuna aliyewauliza wataishije.

"Mama," nilimwambia, "wakili wa Hamza ataniuliza nilikuta nini, na nitamwonyesha kwa mikono yangu, kitako huku, mdomo kule. Sahani hazilali mzungu wa nne."

Alifunga khanga yake, akaniomba nimsindikize stendi. Nilimsindikiza. Basi la kwenda Kibaha nitapanda mwenyewe.