Simu ya Kijapani Kwenye Hina ya Zuwena

Haya, nitawasimulia, lakini mcheke polepole, maana hapa Ibra bado wapo wanaonitania, na nikipita sokoni Jumatano kwenye soko la wanawake lazima atokee mmoja aweke kiganja sikioni aseme, "Alo, Japani?" (na mimi humjibu, nimeshazoea). Aibu yenyewe niliipata mbele ya ukumbi mzima, nikiwa nimependeza kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na chanzo chake ni simu ambayo tangu iingie Omani haikuwahi kupokea hata salamu moja.

Aliileta kaka yangu Nasir, ambaye kazini kwake walimpeleka Japani kujifunza mambo ya mitambo ya maji. Enzi zile simu zetu huku zilikuwa vidude vya vitufe vya mpira na kioo kidogo cha kijani, unatuma ujumbe kidole kinauma, na tulikuwa tunaziona ni maajabu, basi Nasir akaja na kitu cha kukunja, cha rangi ya waridi inayong'aa, kina kamera, kina muziki, kina njuga ndogo inaning'inia pembeni, na akasema kule watu wanaigusisha tu getini wanapanda treni. Ila ilikuwa na kasoro moja. Mtandao wa Wajapani ulikuwa wao peke yao na wetu haukusikilizana nao, na simu haikuwa hata na pahala pa kutia laini. Nasir aliizungusha kwa mafundi kuanzia Ibra mpaka Maskati, kila fundi anaifungua, anasema mashallah, anaifunga, anamrudishia. Mwisho akachoka akanipa mimi, "Chukua, utakuwa unaangalia saa."

Sasa mimi, kijana, karani wa chuo, sijaolewa, niangalie saa tu? Kwanza nikawa naiweka juu ya meza. Kisha nikawa naifungua watu wakipita, ile "tak!" yake ilikuwa tamu jamani, simu za siku hizi hazina tamu ile. Kisha, Mungu anisamehe, nikaanza kuzungumza nayo. Naiweka sikioni, nasema "aiwa, aiwa, nitakupigia baadaye, nina kazi," naifunga, tak. Na simu yangu ya kweli, ile ya vitufe, ikilia mkobani nakimbilia chooni kuipokea. Mwenzangu wa ofisini, Raya, alikuwa ananitazama kwa husuda mpaka namwonea huruma.

Hayo yangekuwa mambo ya kijinga tu, yangepita. Lakini ikaja harusi ya mdogo wangu Zuwena.

Zuwena alilelewa na Bibi yetu tangu mama alipofariki, na Bibi kwa mapenzi yake alimshonea kwa mkono nguo ya kijani ya siku ya hina, kama walivyokuwa wakishonewa maharusi kwao Unguja, walikotoka wazee wetu kuja Omani, uzi kwa uzi, miwani imeshikiliwa na mpira. Kisha akaanguka, akavunjika nyonga. Akawa amelazwa kitandani nyumbani kwa ami yetu Birkat al Mauz, daktari kamkataza kupanda gari, na kila siku anazidi kupungua, na sote tulikuwa tunajua ila hatusemi. Nilipokwenda kumuaga akanishika mkono, akasema, "Sitaki kitu kingine mimi. Nataka kumwona Zuwena na kijani chake. Basi."

Na picha zilikuwa zimekatazwa. Mama wa bwana harusi, Bi Shamsa wa Sur, alishasema wazi kuwa kwenye hina wanawake watakuwa wazi, vichwa vyao, nywele zao, basi hataki kamera, hata ya mpiga picha wa kulipwa. Huyo Bi Shamsa tulikuwa tunamwogopa. Alikuwa mrefu, amenyooka, hacheki ovyo, na nasi alikuwa akizungumza Kiarabu tu, tukiropoka Kiswahili chetu anatazama pembeni. Tulijua anatuona sisi Wazanzibari ni watu wa makelele. Na nikaha ilikuwa kesho kutwa yake, yaani hina ikiharibika, bado walikuwa na nafasi ya kuondoka na mtoto wao.

Mimi nikajiambia, picha moja tu. Mlangoni alisimama Bi Ghaniya, binamu wa marehemu mama, na kapu kubwa. "Telefoni, telefoni! Kila mtu aache telefoni yake hapa, khalas!" Nikamkabidhi ile ya vitufe kwa adabu zote. Ya Kijapani nilikuwa nimeichomeka kifuani, chini ya nguo.

Tatizo la simu ile (Nasir alishanieleza) ni kwamba haiwezi kupiga picha kimya. Wajapani wameifanya hivyo makusudi, ili mtu asimpige mwenzake picha kwa siri. Na hii haikuwa na mlio tu, ilikuwa na sauti ya mwanamke, nyembamba, inayopiga ukelele: "Hai, chiizu!" (kwao ni kama kusema, haya, tabasamu). Nilibonyeza vitufe vyote nyumbani kumnyamazisha yule mwanamke, wapi. Nikasema basi, nitasubiri ngoma ikolee.

Na ilikolea kweli. Baada ya asri Zuwena akaletwa, kakaa na kijani chake, shela imemfunika nusu ya uso, mikono juu ya mto, uzuri ule sijui niueleze vipi. Kina mama wetu wakatoa pembe zao walizokuja nazo tokea Unguja, wakaanza kuzigonga kwa ngoma ya vugo, ko-ko-ko, ko-ko-ko, ukumbi ukasimama wote, hata wageni wa Sur. Nikasogea karibu na nguzo, nikaitoa simu, nikaifungua ndani ya mtandio, nikamwona Zuwena kwenye kioo, naye akaniona (alikuwa anajua) akainua uso kidogo. Nikabonyeza.

Na pembe zikanyamaza. Wapigaji walikuwa wamemaliza wimbo, wakati ule ule. Ukumbi mzima kimya, na kutoka kwenye mtandio wangu ikatoka sauti:

"Hai, chiizu!"

Mnajua kundi la njiwa likitupiwa jiwe? Mabuibui yaliruka. Waliokuwa na nywele wazi wakajifunika kwa mito, kwa vitambaa vya meza, bibi mmoja alijifunika kwa sinia. "Nani huyo? Nani kasema?" Nami nikataka kuifunga haraka, kidole kikateleza, "Hai, chiizu!" tena, na taa ikawaka.

"Kuna mtu ndani ya simu!" akapiga kelele mmoja wa Sur. "Kuna mtu anatutazama!"

Bi Ghaniya alikuja mbio na kapu lake. "Wewe! Wewe binti wa marehemu Salma! Ifute!" Nikaifungua niifute. Maandishi yote ya Kijapani, vijumba na vijiti, sijui kufuta ni kipi, nikabonyeza hapa ikapiga muziki wa furaha, nikabonyeza pale ikawaka taa, nikabonyeza katikati, "Hai, chiizu!" Picha ya tatu. Nilikuwa nalia sasa.

Watu wakapisha njia. Bi Shamsa amesimama mbele yangu, buibui limefungwa mpaka kidevuni, uso umebadilika rangi. "Mo hadha?" akauliza (hiki nini?), polepole. Kisha akasema kwa Kiarabu kile hasa nilichokuwa nakiogopa: kwamba picha imeshatumwa, imeshafika Japani, wanaume wanaitazama, na kwamba yeye na watu wake wanaondoka. Wageni wa Sur wakaanza kukusanya mikoba. Nikamtazama Zuwena juu pale, hina bado mbichi mikononi, hawezi hata kujifuta machozi.

Nikasema, "Mama, haijatumwa. Haiwezi kutuma. Simu hii haina mtandao, haipigi, haipokei."

"Mtu gani anatembea na simu isiyopiga?" akasema Bi Ghaniya.

Na hapo Raya, mwenzangu wa ofisini, akatokea nyuma na macho yake makubwa. "Lakini jana si ulikuwa unazungumza nayo? Mbele yangu? Ukamwambia mtu asikusumbue, una kazi?"

Jamani. Ningeweza kunyamaza. Lakini Zuwena alikuwa ananitazama. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili ili asibaki mtu, "Hakukuwa na mtu. Nilikuwa nazungumza peke yangu."

"Na yule wa wiki iliyopita?" Raya bado hajaridhika. "Uliyemwambia hutaki kuolewa na mtu wa mbali?"

"Hakuna, Raya. Hata huyo hakuna."

Kwanza akacheka yule bibi mwenye sinia. Kisha wa pili. Kisha wote, wa Ibra na wa Sur, watu walikaa chini kwa kicheko, wengine wanapiga sakafu, mashada yanadondoka, na mimi nimesimama katikati na simu inapiga muziki wake wa furaha. Bi Shamsa peke yake hakucheka. Akaniuliza picha ya nini. Nikamweleza, kwa sauti ndogo, habari za Bibi na nyonga yake na kijani alichokishona.

Akanyoosha mkono. Akaitazama ile picha ya kwanza muda mrefu sana, kisha akaikunja simu, tak, akaitia mkobani mwake. "Ataiona bibi yenu peke yake," akasema kwa Kiarabu. "Na nitampelekea mimi."

Kesho yake asubuhi Nasir akatuendesha mpaka Birkat al Mauz. Bi Shamsa amekaa nyuma na mimi, mkoba juu ya mapaja, njia nzima kila baada ya muda anaifungua simu, anatazama, anaifunga. Mimi roho juu, maana chaji ilikuwa inakaribia kwisha. Simu ile ilikuwa ikiwashwa haipumziki, inatafuta mtandao wa Japani mpaka inajimaliza.

Bibi tulimkuta ameegemezwa kwenye mito, dirisha wazi upande wa migomba, maji ya falaji, ule mfereji wa shambani, yanasikika. Nikamwambia tumemletea Zuwena. Bi Shamsa akanipa simu, nikaifungua, nikamshikia karibu na miwani.

Aliugusa uso wa Zuwena kwa ncha ya kidole, kisha akagusa ukingo wa ile nguo, pale alipokuwa ameshona, akawa anaufuata kama anayehakiki uzi. Machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka. Akaniuliza mbona taa ya simu inamemeta, nikamwambia inatafuta mtandao wa kwao, haupo huku.

"Maskini," akasema Bibi. "Inatafuta kwao."

Kisha akasogeza miwani. "Na huyu nyuma ya Zuwena, huyu anayecheza kafumba macho, nani? Tazama alivyoshika mtandio. Huyu mtu wa Unguja huyu, siwezi kukosea."

Nikatazama. Siku nzima ile sikuwa nimetazama nyuma ya Zuwena. Alikuwa Bi Shamsa, kichwa wazi, mikono juu, anacheka kwa meno yote.

Nikasikia sauti laini nyuma yangu, ya Kiswahili cha mjini, kizuri kuliko changu. "Ni mimi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema Bibi, wala hakushtuka. "Mtoto wa wapi wewe?"

"Wa Malindi, pale mjini Unguja. Nilikuja huku mdogo, hata meno ya mbele sikuwa nayo." Akakaa kitandani, yule mwanamke aliyenyooka, akakunjika. Akasema mama mkwe wake hakutaka kukisikia Kiswahili ndani ya nyumba, na mumewe naye vivyo hivyo, basi akakiacha, na jana zilipopigwa zile pembe miguu yake ilinyanyuka yenyewe. Wakazungumza wawili wale mpaka adhuhuri, mitaa, maduka, nani alikuwa akiuza halua pembe ipi, na mimi nakamua ndimu kwenye maji tu, sina langu.

Tulipokuwa tunaondoka Bi Shamsa akaichukua simu kitandani, akanirudishia. Akanitazama, akasema kwa Kiswahili, "Sasa ifute, mwanangu. Wanangu wasije wakaiona." Nasir akanionesha kitufe bila kutazama kioo, ikauliza swali lake la Kijapani, nikajibu ndiyo. Zikafutika zote tatu. Na baada ya muda si mrefu simu nayo ikazima.

Nikaha ilifungwa siku yake, alhamdulillahi. Bibi hakuufikia msimu wa tende.

Miaka imekwenda. Juzi tulikuwa Sur kwenye hina ya mtoto wa kwanza wa Zuwena, na siku hizi hakuna kapu mlangoni, kila msichana ana simu juu, anapiga picha chakula, kucha, dari. Bi Shamsa amezeeka, haoni vizuri, amekaa karibu na mimi. Pembe zikapigwa (kanda tu, wapigaji wenyewe wamekwisha) akaniinamia sikioni.

"Ile picha yangu," akasema. "Uliifuta kweli?"

"Niliifuta, mama. Si uliniambia mwenyewe?"

"Nilikuambia, ndiyo." Akawa anachezesha vidole juu ya goti, kwa mapigo ya kanda. "Sina nyingine mimi ninayocheza. Miezi yote ile uliwadanganya watu kwa simu isiyo na mtu, ukashindwa kunidanganya mimi siku moja?"

Nilimshika mkono, tukakaa hivyo hivyo mpaka kanda ikaisha. Na tangu siku hiyo nimejiapia: mtu mzima akiniambia nifute picha yake, namjibu labeka mama, nabonyeza bonyeza kidogo mbele yake, na siifuti ng'o.