Mwenye Kadi Aje Mwenyewe

Juzi nilikwenda maktaba kuongezewa muda wa riwaya aliyoiazima marehemu mke wangu, kazi ya mwanamke wa huku kwetu kusini. Sijaimaliza.

Karani aligonga kadi kwa kalamu. "Mwenye kadi aje mwenyewe, baba."

"Alifariki."

"Pole sana. Lakini saini ni yake."

Mama aliyekuwa nyuma yangu alichungulia jalada. "Hicho nimekisoma. Mle marehemu hurudi jikoni kuonja mchuzi, wala hakuna anayeshtuka."

Karani alipiga muhuri. "Basi akija kuonja, mwambie apitie hapa. Nimempa wiki mbili."

Nilidhani waandishi wetu wanawake hubuni maajabu. Kumbe huyasikia kaunta.

Jioni nilipika mchuzi wa samaki. Chungu sikukifunika.