Dawa ya Magugu Iliyoua Asumini ya Mama

Asumini ya marehemu mama niliiua mimi. Si mchwa, si jua, wala si mdogo wangu, niliyemwacha alie kwa kosa langu.

Niliacha shule kidato cha kwanza, mama alipomfuata baba kaburini. Mdogo wangu, nimwite Saada, alikuwa darasa la pili. Nikapata kazi ya kufagia njia za kokoto kwenye hoteli moja hapa Utende, na kwa kazi hiyo Saada akasoma mpaka akawa mwalimu. Kwa hilo sijutii hata siku moja.

Mwaka huu akaposwa. Wakwe wangekuja na magari kutoka Kilindoni, nami nikaionea haya njia yetu ya vumbi. Nikamwaga kokoto toka barabarani mpaka barazani, kama kule hotelini. Mvua mbili tu, ndago zikachomoza. Ung'oe leo, keshokutwa zimerudi.

Nikaenda duka la pembejeo. Muuzaji akanitolea chupa mbili. Moja, alisema, inaunguza majani tu, ikigusa udongo nguvu zake zinaisha, magugu yakirudi unapuliza tena. Ya pili inakaa ardhini miezi na miezi, hakuoti kitu.

"Ila hii ina masharti yake, dada. Kiingereza unasoma?"

"Nasoma."

Uongo mtupu! Nyuma yangu walisimama akina mama wawili wanaonijua kama dada wa mwalimu, nikaona haya. Ningeweza kumpelekea Saada ile chupa ya pili niliyonunua anisomee. Lakini mkubwa ni mimi. Tangu utoto wake mimi ndiye ninayemwambia lipi ni lipi. Nikapuliza peke yangu, yeye akiwa shuleni. Kipimo nikakisia, nikazidisha kidogo ili ishike.

Ndago zikafa zote. Njia ikawa nyeupe, majirani wakaisifia, nami nikavimba kichwa.

Pale njia inapoishia, ubavuni mwa baraza, ndipo ilipokuwa asumini. Mama alikuwa akisema vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia vya bibi harusi wa nyumba hii, havitanunuliwa sokoni. Saada aliimwagilia tangu ndoo inamshinda kubeba. Mvua iliponyesha, majani yakageuka manjano, vitumba vikadondoka kabla ya kufunguka. Wiki mbili kabla ya harusi vilibaki vijiti.

Saada aliketi juu ya zile kokoto akalia. Alikuwa akimwaga maji ya kufulia shinani, basi akadhani ni yeye.

"Nimeiua mwenyewe, dada."

Nikamshika bega, nikamwambia ni kudura ya Mungu. Nikamwacha aamini kuwa ni yeye aliyeiua! Siku nne tulikula sinia moja, naye ananiomba radhi kwa ajili ya mti wa mama.

Siku ya tano aliingia stoo kutafuta fagio, akaiona chupa. Akaja nayo jikoni, akanisomea taratibu kama anavyowasomea wanafunzi wake: usipulize palipo na mizizi ya mmea unaoutaka, wala mahali mvua inapoweza kuitiririsha dawa. Nikamweleza yote, hata lile la dukani.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

"Dada, uliacha shule ili mimi nisome. Sasa nimesoma, hunipi hata chupa nikusomee?"

Harusi ikapita salama. Vikuba tulipewa na jirani, vilinukia vizuri, lakini nilipokuwa nambandika nyweleni nilishindwa kumtazama usoni.

Nanyi mnaotaka njia safi, nisikilizeni. Dawa inayokaa ardhini haifai karibu na mti, bustani wala kisima. Hapo ng'oa kwa mkono, au chukua ile inayounguza majani, na upulize siku isiyo na upepo wala dalili ya mvua. Na kama maandishi huyaelewi, sema huyaelewi, hapohapo dukani, mbele za watu. Haya ya dukani inaisha ukishatoka mlangoni. Yangu naikuta kila asubuhi nikifungua mlango: njia nyeupe pe, na ubavuni mwa baraza kipande cha ardhi kisichoota kitu.